Sauti ya Kiswahili katika Runinga ya Asiyeona: Vinasa vya Vipindi na Mtandao wa Nyumbani

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mtu asiyeona anavyoweza kuchagua, kurekodi na kufuatilia vipindi vya runinga bila kumtegemea mwenye macho. Yanafafanua kinasa cha runinga, historia ya vifaa vinavyosema, na jinsi mtandao mdogo wa nyumbani unavyoweza kukifanya kifaa bubu kitamke. Mfano unaotumiwa ni makazi ya Korbesa, Kaunti ya Isiolo. Hoja kuu ni kwamba kikwazo kinachosalia si cha waya wala cha umeme pekee, bali ni cha lugha: mashine inapaswa kukisoma Kiswahili barabara, na kazi hiyo haiwezi kufanywa bila wanaisimu wa Kiswahili.

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hii hutajwa sana panapozungumziwa mali, lakini inagusa pia habari na burudani. Asiyeona ambaye ni lazima amwite mtu kila anapotaka kubadilisha stesheni anaishi kwa cha nduguye. Akikosa wa kumwita, runinga iliyo mbele yake haina tofauti na sanduku tupu.

Korbesa ni makazi ya wafugaji katika eneo la Merti, kaskazini mwa Kenya, kwenye nyanda za mto Ewaso Ng'iro. Wengi wa wakazi wake ni Waborana. Lugha ya nyumbani ni Kiborana, na Kiswahili ndicho kiungo chao na soko, shule, ofisi za serikali na vyombo vya habari vya taifa. Mifugo ndiyo uhai wa eneo hilo. Waborana hutofautisha warra, yaani maskani ya familia, na fora, yaani kambi za mbali ambako vijana huhamia na mifugo kutafuta malisho. Wanafunzi nao huenda shule za bweni. Hivyo basi, kuna majira ambapo wanaosalia nyumbani ni wazee na watoto wadogo. Mzee asiyeona anayetaka kusikiliza taarifa ya habari, mahojiano kuhusu ukame au mechi ya kandanda huwa hana wa kumsomea yaliyoandikwa kwenye skrini.

Inafaa pia kukumbuka kwamba upofu si jambo la nadra katika jamii za wafugaji. Trakoma, maradhi ya macho yanayoenezwa kwa mikono, nguo na nzi, imekuwa ikizisumbua jamii za maeneo makavu ya Kenya kwa miaka mingi. Mtoto wa jicho nao huwapofusha wazee kila mahali. Swali la namna asiyeona anavyoitumia runinga, kwa hiyo, si la anasa.

Kinasa cha runinga ni nini?

Kinasa cha runinga ni kifaa kinachopokea matangazo na kuyahifadhi ili yatazamwe baadaye. Zamani kazi hii ilifanywa na mashine ya kanda za video. Mnamo 1999, kampuni za TiVo na ReplayTV nchini Marekani zilianza kuuza vinasa vinavyohifadhi vipindi kwenye diski ya kompyuta badala ya kanda. Baadaye teknolojia hiyo iliingizwa ndani ya ving'amuzi, vile vijisanduku vinavyobadilisha mawimbi ya dijitali yawe picha na sauti.

Kinasa cha kisasa hutegemea ratiba ya vipindi inayosafirishwa pamoja na matangazo yenyewe. Ndani ya mawimbi mna jedwali linalobeba jina la kipindi, wakati wa kuanza, muda wake na mara nyingine muhtasari. Mtazamaji hufungua ratiba hiyo, husogeza alama kwa rimoti hadi kwenye kipindi anachokitaka, kisha hubonyeza kitufe cha kurekodi. Kwa mwenye macho ni kazi ya sekunde chache. Kwa asiyeona, hatua ya kusogeza alama ndiyo inayomshinda, kwa sababu hajui alama iko wapi wala imegusa nini.

Kutoka kitufe hadi menyu

Ni kinaya kwamba vifaa vya kale vilimfaa asiyeona kuliko vilivyovirithi. Runinga ya zamani ilikuwa na kitasa kilichozungushwa kwa mkono. Mtu aliweza kuhesabu milio ya kitasa na kujua amefika stesheni gani. Mashine ya kanda nayo ilikuwa na vitufe vichache visivyobadilika kazi: kimoja cha kurekodi, kingine cha kusimamisha. Vidole vilikuwa macho ya kutosha.

Mfumo wa dijitali ulibadilisha hali hiyo. Nchini Kenya, mitambo ya analojia ilizimwa kwa awamu kati ya mwisho wa 2014 na Machi 2015. Wakenya wengi wanaikumbuka Februari 2015, ambapo stesheni kubwa za binafsi zilitoweka hewani kwa siku kadhaa kwa sababu ya mvutano kuhusu uhamaji huo. Mjadala wa wakati huo ulihusu leseni, gharama ya ving'amuzi na haki za wamiliki wa vyombo vya habari. Badiliko jingine lilipita kimyakimya: kila nyumba iliyonunua king'amuzi ilipata pia menyu. Kitufe kimoja sasa kilibeba kazi kumi kulingana na kilichoandikwa kwenye skrini, na maandishi hayo hayakuwa na sauti. Nukta iliyoinuka juu ya nambari 5 kwenye rimoti humwelekeza asiyeona mahali vitufe vilipo, lakini haimwambii king'amuzi kinamuuliza nini.

Vifaa vilivyopewa ulimi

Tatizo hili lilitambuliwa mapema katika nchi nyingine. Nchini Uingereza, shirika la wasioona la RNIB lilishirikiana na watengenezaji wa vifaa, na mnamo 2010 king'amuzi cha Goodmans kilichoitwa Smart Talk kiliingia madukani. Kilitamka jina la stesheni, jina la kipindi na kila hatua ya menyu. Muda mfupi baadaye kampuni ya TVonics ilitoa kinasa kinachosema, na mwaka wa 2012 Panasonic ikaanza kuuza huko runinga zenye mwongozo wa sauti. Katika mwaka huo huo wa 2012 TVonics ilifilisika. Funzo lake ni zito: sauti iliyofungwa ndani ya kifaa cha kampuni moja hunyamaza pamoja na kampuni hiyo.

Marekani ilifuata njia ya sheria. Mnamo Oktoba 2010 Rais Barack Obama alitia sahihi sheria ya mawasiliano na video inayowahusu watu wenye ulemavu. Kutokana na sheria hiyo, kampuni kubwa zilitakiwa kuhakikisha kwamba kufikia Desemba 2016 menyu na ratiba za vifaa vyao zinaweza kusomwa kwa sauti. Comcast ilitangulia kwa kuzindua ratiba inayosema mnamo 2014.

Mafanikio hayo yalikuwa ya Kiingereza. King'amuzi kinachosema Kiingereza kikiletwa Korbesa kitasoma taarifa ya Kiswahili kwa matamshi ya London au Philadelphia, na mzee atabaki palepale alipokuwa.

Mtandao wa nyumbani na njia ya kuzunguka ububu

Ikiwa king'amuzi ni bubu na hakifunguliki, ipo njia ya kukizunguka. Njia hiyo ni kutenganisha kazi tatu ambazo king'amuzi huziunganisha: kupokea, kuhifadhi na kuzungumza na mtumiaji. Vifaa vinavyofanya kazi hizo huunganishwa na mtandao wa nyumbani.

Neno mtandao limewafanya wengi wadhani kwamba ni lazima pawe na intaneti. Sivyo. Mtandao wa nyumbani ni mazungumzo baina ya vifaa vilivyo chini ya paa moja. Katikati yake huwa na ruta, ambayo kazi yake inafanana na ya karani wa posta. Kila kifaa hupewa anwani ya tarakimu, kwa mfano 192.168.1.10, na ruta hupeleka ujumbe wa kila kifaa kwa anwani inayohusika. Anwani za aina hiyo ni za ndani tu. Hazitumiki nje ya nyumba. Ruta isiyounganishwa na intaneti bado huendelea kuviunganisha vifaa vya nyumbani. Kwa makazi ambako data ni ghali na mawimbi ya simu ni hafifu, jambo hili ndilo linalouwezesha mpango mzima.

Mpangilio wake ni huu. Antena au dishi huleta mawimbi. Kipokezi kidogo kinachochomekwa kwenye kompyuta huyapokea. Nchini Kenya matangazo ya ardhini hufuata kiwango cha DVB-T2, kwa hiyo kipokezi ni lazima kiwe cha aina hiyo, au cha setilaiti panapotumika dishi. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, ambayo ilianza kuuzwa 2012, huendesha programu ya kurekodi. Zipo programu huria za kazi hiyo, zikiwamo MythTV na Tvheadend, ambazo mtu hapaswi kuzilipia. Vipindi huhifadhiwa kwenye diski. Kwa mawimbi ya kasi ya megabiti 2.5 kwa sekunde, saa moja ya kipindi huchukua takriban gigabaiti 1.1, diski ya gigabaiti 500 huweza kubeba zaidi ya saa 400.

Hatimaye kuna simu. Hapa ndipo ububu unapotibiwa. Simu nyingi za Android huja na programu ya TalkBack, inayosoma kwa sauti kile kidole kinachokigusa kwenye skrini. Mzee hahitaji kuigusa rimoti ya king'amuzi. Hufungua kwenye simu yake orodha ya vipindi ambayo kompyuta inaitoa kupitia ruta, husikia majina yakitamkwa moja baada ya jingine, hugonga mara mbili juu ya analolitaka, na kompyuta hurekodi. Baadaye husikiliza kipindi hicho kwenye simu, au huiamuru runinga icheze. Sharti ni kwamba ukurasa wa orodha uwe wa matini halisi na vitufe vyenye majina. Ukurasa uliojengwa kwa picha na michoro humrudisha mtumiaji kwenye ububu uleule, hata kama programu inayorekodi ni bora.

Umeme nao unahesabika. Kompyuta hiyo, ruta na diski kwa pamoja hutumia wastani usiozidi wati 20. Vikifanya kazi kwa saa 10 vitakula wati-saa 200. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50 hubeba takriban wati-saa 600, na haishauriwi kuitumia kupita nusu. Paneli ya jua ya kadiri, ya aina ambayo nyumba nyingi za maeneo yasiyofikiwa na gridi huitegemea, inatosha kuihuisha.

Kuna tahadhari tatu za kuzingatia. Kwanza, stesheni za kulipia hufungwa kwa msimbo unaofunguliwa na king'amuzi chake pekee, kwa hiyo njia hii inafaa kwa stesheni za bure. Pili, kompyuta ndogo nyingi za aina hii hazina saa inayoendelea kuhesabu umeme unapokatika, na pasipo intaneti kompyuta huweza kuamka ikidhani ni jana. Dawa yake ni kuielekeza isome saa iliyomo ndani ya mawimbi ya runinga yenyewe. Tatu, ruta iwekewe nywila, kwa maana mtandao usio na mlango huingiwa na kila apitaye.

Kiswahili kinywani mwa mashine

Hadi hapa maelezo yamekuwa ya fundi. Sehemu iliyosalia ni ya mwanaisimu, na ndiyo iliyo ngumu zaidi.

Kusoma matini kwa sauti hufanywa kwa hatua. Mashine kwanza husafisha matini kwa kugeuza tarakimu, vifupisho na alama ziwe maneno kamili. Kisha hugeuza herufi ziwe fonimu, huweka mkazo na kiimbo, na mwisho huzalisha sauti. Kwa Kiswahili hatua ya pili inaelekea kuwa rahisi, kwa kuwa tahajia yetu inawiana na matamshi na mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Wepesi huo huwadanganya wengi wakadhani kwamba kazi imekwisha.

Jitihada zimekuwapo. Mnamo 2005 Mucemi Gakuru, Frederick Iraki na wenzao waliwasilisha katika kongamano la Interspeech mjini Lisbon mfumo wa kusoma matini ya Kiswahili uliojengwa kwa zana ya Festival kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh. Programu huria ya eSpeak, iliyoanzishwa na Jonathan Duddington, ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake. Sauti yake ni kavu kama ya bati, lakini ni nyepesi na hufanya kazi bila intaneti. Microsoft nayo ina sauti laini za Kiswahili: Zuri na Rafiki kwa lafudhi ya Kenya, Rehema na Daudi kwa ile ya Tanzania. Huduma hiyo kwa kawaida hutolewa kupitia intaneti. Mkazi wa Korbesa, basi, hujikuta akichagua kati ya sauti tamu isiyofika na sauti kavu iliyopo.

Iwe tamu au kavu, sauti yoyote hukutana na matatizo manne katika ratiba ya runinga.

La kwanza ni la nambari na upatanisho wa kisarufi. Skrini ikiandika "vipindi 2", mashine isiyojua ngeli itasoma "vipindi mbili". Msomaji wa kawaida hutamka "vipindi viwili" bila kufikiri. Mzizi wa 1 hadi 5 na wa 8 hupatanishwa na nomino, ilhali sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Hata katika nambari kubwa, tarakimu ya mwisho hudai haki yake: "watu 12" ni watu kumi na wawili, na "vipindi 25" ni vipindi ishirini na vitano. Zaidi ya hayo, nambari inayofuata kihusishi cha A-unganifu huweza kuwa ya mpangilio: "sehemu ya 1" ni sehemu ya kwanza, na "sehemu ya 2" ni sehemu ya pili. Mashine inayosema "sehemu ya moja" inaeleweka, lakini inachosha sikio la mtu ambaye sikio ndilo kila kitu kwake.

La pili ni la saa, na kosa lake si la kuchosha tu bali la kupoteza kipindi. Mawimbi ya dijitali hubeba wakati kwa saa za ulimwengu. Kipindi cha saa 18:00 za ulimwengu ni 21:00 za Afrika Mashariki, na kwa Kiswahili ni saa tatu usiku. Mashine inapaswa kuongeza saa tatu, kisha kuondoa sita au kumi na nane, au kuongeza sita, kulingana na wakati, halafu kuchagua kati ya alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni na usiku. Mashine inayosoma "saa ishirini na moja" humlazimisha mzee apige hesabu. Inayosoma "saa tisa usiku" humpotosha kabisa, kwa kuwa atakesha akingoja hadi karibu na alfajiri. Siku nazo zina mtego wake. Kipindi cha Jumamosi saa 00:30 ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia Jumamosi. Mashine ikisema "Jumamosi usiku", msikilizaji ataelewa usiku unaofuata, na atakosa alichokitaka kwa siku nzima.

La tatu ni la mkazo na silabi. Kanuni ya mkazo ina wakaidi wachache. Neno "barabara" lenye mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia. Likiwekewa mkazo kwenye ya pili huwa ni "sawasawa". "Walakini" ya kuunganisha sentensi haifanani na "walakini" yenye maana ya kasoro. Hali kadhalika, herufi "m" mwanzoni mwa neno huweza kuwa silabi kamili au sehemu ya konsonanti inayofuata. "Mbuni" wa nyikani, ndege ambaye watu wa Isiolo wanamfahamu vizuri, ana silabi mbili. "Mbuni" anayebuni vitu ana silabi tatu. Tahajia haibainishi tofauti hizi. Zinabainishwa na muktadha, na muktadha ni mali ya anayeijua lugha.

La nne ni la majina yasiyo ya Kiswahili. Ratiba moja huchanganya Kiswahili, Kiingereza na majina ya mahali. Kanuni za Kiswahili zikitumiwa kusoma "Arsenal" au "Manchester United", hutokea maneno ambayo mpenzi wa kandanda hayatambui. Majina ya nyumbani nayo hayajasalimika. Biliqo, jirani ya Merti, ina "q" isiyokuwamo katika alfabeti ya Kiswahili, na sauti inayowakilishwa na herufi hiyo katika Kiborana haina mwenza katika fonimu zetu. Ewaso Ng'iro nao huandikwa mara kwa mara bila kibainishi, na mashine hugeuza "ng'" iwe "ng" kama ya "ngoma". Suluhisho ni kamusi ya matamshi ya majina ya pahali na watu, iliyokusanywa na watu wanaoyatamka. Ni kazi inayoweza kufanywa na mwanafunzi mmoja kwa likizo moja.

Picha inayosimuliwa

Hata baada ya kipindi kupatikana, kuna yale ambayo picha huonyesha na sauti haisemi. Mtu akitoka kimyakimya na kisu mkononi, asiyeona husikia mlango tu. Hapa hutumika maelezo ya sauti: msimulizi hueleza kwa ufupi kitendo katika nafasi kati ya mazungumzo. Kituo cha WGBH cha Boston kilianzisha huduma ya kudumu ya aina hiyo mnamo 1990. Nchini Uingereza, masharti yaliyotokana na Sheria ya Mawasiliano ya 2003 yaliwataka watangazaji wanaohusika wafikie asilimia 10 ya vipindi vyenye maelezo hayo kufikia mwaka wa kumi.

Afrika Mashariki haijalifikia hilo, lakini haiji mikono mitupu. Wasimulizi wa filamu, kama Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya, wamezieleza filamu za kigeni kwa sauti zao, wakitafsiri mazungumzo na kusimulia matendo. Hawakukusudia kuwahudumia wasioona, ila waliwahudumia. Watangazaji wa kandanda redioni, akiwamo marehemu Leonard Mambo Mbotela, walimfanya msikilizaji auone mpira kwa masikio. Ufundi huo wa lugha upo. Kinachohitajika ni kuutwaa, kuupunguzia mbwembwe na kuutia katika nafasi finyu ya maelezo ya sauti.

Sheria na istilahi

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo na kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008, unataja vipindi vya runinga waziwazi katika Ibara ya 30. Hata hivyo, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003, iliyotumika hadi ilipofutwa na sheria mpya ya 2025, iliziagiza runinga ziweke mkalimani wa lugha ya ishara au maandishi chini ya picha katika habari na vipindi vya elimu. Agizo hilo lilimfaa asiyesikia, na lilistahili. Asiyeona hakutengewa la kwake katika kifungu hicho. Inawezekana watunga sheria walidhani kwamba anayesikia hapungukiwi na kitu mbele ya runinga. Mnamo 2022 Kenya ilipata kiwango cha kitaifa cha kufanya bidhaa na huduma za tarakilishi na mawasiliano zifikiwe na watu wenye ulemavu, na hatua hiyo imefungua mlango ambao wanalugha nao wanaweza kuupitia.

Istilahi zenyewe zinasubiri. King'amuzi huitwa pia kisimbuzi, hasa Tanzania, na mtumiaji anayesikia neno moja kwenye menyu na jingine dukani huchanganyikiwa. Hata jina la mtumiaji limo katika mjadala. Maneno kipofu, kiziwi na kiwete yana kiambishi cha ngeli ya vitu, ingawa upatanisho wake ni wa viumbe hai. Wengi sasa hupendelea "asiyeona", nomino iliyozaliwa na kitenzi. Menyu inayosemwa kwa sauti haina budi kuamua, kwa kuwa sikio halina nafasi ya mabano wala tanbihi.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba vifaa vya kumwezesha asiyeona kurekodi vipindi vipo, vinaweza kuendeshwa kwa umeme wa jua, na haviihitaji intaneti. Kisichopo bado ni Kiswahili kinachosikika sawasawa kutoka vifaa hivyo. Kanuni za upatanisho wa nambari, kanuni za kubadilisha saa, orodha ya maneno yenye mkazo wa pekee na kamusi ya matamshi ya majina ni tasnifu nne zilizo wazi kwa wanafunzi wa Kiswahili. Kwa kuwa programu kama eSpeak ni huria, matokeo ya tasnifu hizo yanaweza kuingizwa humo na kumfikia mtumiaji bila idhini ya kampuni yoyote. Vijana wakienda fora, mzee wa Korbesa ataweza kuambiwa na simu yake, kwa lugha anayoielewa, kwamba taarifa ya habari ni saa tatu usiku na kwamba vipindi viwili vimekwisha kurekodiwa.